Jogoo Asiyekimbia

Kama ulipita jioni nyuma ya soko la Kongwa mwaka huo, huenda ulimwona Obedi akimkimbiza jogoo. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, fundi viatu, mkimya hata kanisani wenzake wanapoimba kwa kupasua paa, anazunguka ua wake ameinama, mikono mbele, kandambili moja imebaki kule jikoni. Na pale mlangoni pa banda amesimama jogoo mwingine, mnene kuliko anayekimbizwa, anamtazama mwenye nyumba anavyohema. Huyo ungemwokota tu, kama unavyookota kikombe.

"Jirani," Shaban alimwita kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa, kisu kikiwa tayari mkononi, "wa kuchinja si huyo hapo?"

"Huyo hapana."

"Ana ugonjwa?"

"Hana. Hakimbii."

"Kwa hiyo asiyekimbia anapona, anayekimbia anachinjwa?"

"Ndiyo."

Shaban alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wallahi, Obedi, sijui unafuga kuku au unafundisha kwaya."

Shaban alikuwa na duka la nafaka barabarani, na ndiye aliyekuwa akichinja kuku wa mtaa mzima, ili mgeni yeyote atakayekaribishwa, awe Mwislamu au Mkristo, ale bila kuuliza. Alikuwa amechinja kuku wengi wa Obedi, akawazoea tabia zao. Na yule jogoo asiyekimbia, ni yeye aliyempa jina. Kwa sababu alitembea polepole, kifua mbele, kama mtu anayeogopa kuchafua suruali mpya, Shaban alimwita Bwana Harusi.

Obedi hakumweleza jirani yake habari yote. Hakuwa mtu wa kueleza. Lakini habari yenyewe ilianza kwa macho ya mkewe.

Ruthu ndiye aliyekuwa na kuku katika nyumba ile. Obedi alishona viatu, Ruthu alifuga. Alikuwa na mitetea wa kienyeji kumi na zaidi, na mayai yake yalijulikana sokoni. Kisha ikaja presha ya macho. Walikwenda hospitali Dodoma mara nne, wakapewa dawa ya matone, wakaambiwa dawa itazuia yaliyobaki, ila yaliyokwenda hayarudi. Na yaliyobaki yalikuwa kidogo. Ruthu aliona mwanga wa mlango, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Basi.

Hata hivyo aliendelea na kuku wake. Aliingia bandani asubuhi, akapapasa viota, akatoka na mayai kwenye kanga. Alisema mkono unaona vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Aliyeharibu ni Obedi. Mwaka ule macho yalipoharibika alikuwa amenunua jogoo wa kuchi, wale warefu wenye miguu ya kupigana, akamwachia mitetea wa mkewe. Alitaka kuku wakubwa. Alitaka Ruthu, ambaye macho yalikuwa yamemwondolea mengi, apate walau kitu cha kusifiwa na watu. Wakubwa alipata kweli, ila walikuja na damu ya kuchi. Asubuhi moja Ruthu alipeleka mkono kiotani, na mtetea mwenye damu ile akamrukia usoni, akamchana juu ya jicho. Ruthu alitoka akishika ukuta, damu ikimtiririka. Akafunga mlango wa banda kwa nje.

"Baba Silvano," alisema, "kuku hao ni wako sasa."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira, Obedi angejua la kufanya. Tangu siku hiyo Ruthu akawa wa kukaa kibarazani. Alichambua mlenda, alipepeta mtama, alisikiliza redio. Silvano, mtoto wao wa pekee, alikuwa amekwenda Dodoma kufanya kazi, kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilikuwa ya mtu mmoja aliyekaa.

Obedi aliuza wale wa kuchi wote. Kisha, akiwa kwenye kibanda chake cha viatu na sindano mkononi, akaanza kufikiri. Kazi ile inampa mtu nafasi ya kufikiri. Alijiuliza kwa nini kuku wa kienyeji, hata wasio na damu ya kuchi, ni wepesi wa kukimbia na kudonoa. Akakumbuka nyumbani kwao utotoni. Mgeni akija, mama anasema kamateni kuku. Watoto wanamkamata nani? Anayekamatika. Mkali na mwenye mbio anabaki, anataga, anatotoa wakali wenzake. Mwaka baada ya mwaka, tangu mababu, watu wamekuwa wakiwala wapole na kuwatunza wakorofi, halafu wanalalamika kuku hawashikiki.

Siku hiyo alishona kiatu cha watu upande usiostahili, ikabidi akifumue.

Basi akageuza. Kila jioni kuku wakishapanda kulala, aliingia bandani na kupitisha mkono chini ya kila mmoja, taratibu, kama atakavyofanya mtu asiyeona. Aliyetulia alifungwa mguuni uzi mwekundu wa kushonea viatu. Aliyedonoa hakufungwa, na mgeni alipokuja, huyo ndiye aliyekimbizwa. Mikono ya Obedi ilijaa alama. Upole peke yake haukutosha lakini, maana wapole wengi walitaga mayai kumi na mawili na kuanza kuatamia. Ndipo akanunua kwa mtu wa Mlali mitetea sita weusi, wale wanaoitwa Malawi. Hao walitaga karibu kila siku, ila walikuwa waoga. Ukikohoa tu, banda zima linaruka vumbi.

Alichotaka kilikuwa rahisi kukisema: mayai ya wale weusi na moyo wa Bwana Harusi. Jogoo huyo alikuwa ametoka kwa mtetea wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na kati ya kuku wote waliopita kwenye mikono ya Obedi kwa miaka mitatu, hakuwahi kuona mfano wake. Unambeba, anasinzia. Mwezi wa sita akamwachia wale sita weusi. Hesabu yake ilikuwa kwamba mtetea yeyote wa kienyeji atakapotaka kuatamia, atamwekea mayai ya weusi. Vifaranga vikikua, atamshika Ruthu mkono, ampeleke bandani, aseme: papasa.

Hakuwahi kumwambia Ruthu hata neno moja la mpango huo. Alitaka kwanza uwe kweli.

Wiki ya nne, kabla hajapatikana wa kuatamia, mama mkwe akapiga simu kutoka Bahi kwamba yuko njiani.

Mama Hilda alishuka kwenye bodaboda na kiroba cha mchele wa kwao, kambale wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na begi la nguo lililoonekana dogo kwa safari ya kukaa. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka. Obedi alipiga goti mbali kidogo na kibaraza, akasema shikamoo mama huku akitazama chini, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na saba. Kati ya mtu na mama mkwe, kwao, kuna nafasi isiyovukwa. Hata maneno hupitia kwa mwingine.

"Marahaba," alisema Mama Hilda, kisha akamgeukia bintiye. "Mwambie mwenzio asante kwa kunipokea."

"Mama anasema asante," alisema Ruthu.

"Mwambie karibu," alisema Obedi, hatua tatu kutoka walipokaa.

Mama Hilda alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Alitazama mkeka aliokalia, redio, ungo, na ukuta uliokuwa na alama ya mafuta mahali kichwa kilipoegemea siku zote.

"Mwambie mwenzio," alisema taratibu, "sikuja kugombana na mtu. Lakini wewe ni wa kukaa tu hapa. Kukaa kwenyewe unaweza kukaa hata kwangu, na kule kuna watu wa kukuongelesha mchana. Nikiondoka Jumatatu, tuondoke wote."

Safari hii Ruthu hakupeleka ujumbe. Obedi naye hakujibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alisimama pale akipangusa mikono kwenye suruali, mikono iliyokuwa haina uchafu.

"Ngoja nikamwite Shaban," alisema mwishowe. "Tutafute mboga ya mgeni."

Alikuwa ameshamchagua wa kuchinjwa: jogoo mmoja wa rangi ya majani makavu, mchokozi, aliyemdonoa juzi mpaka kucha ikawa nyeusi. Akapita penye mwanya wa minyaa. Shaban alikuwa anapima mashudu ya mteja, ikabidi wasubiri. Waliporudi wote wawili, Obedi alisimama ghafla mwanyani hata Shaban akamkanyaga kisigino.

Ruthu alikuwa anatoka bandani.

Mkono mmoja ulikuwa unafuata waya wa banda. Mwingine ulikuwa umemkumbatia Bwana Harusi kifuani. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza, unyoya umenasa kwenye nywele, na uso wake, ambao kwa miaka mitatu ulikuwa kama mlango uliorudishiwa, ulikuwa wazi.

"Baba Silvano? Ni wewe umesimama hapo?"

"Ni mimi."

"Nimemkamata mwenyewe! Nilisema niingie tu nione. Wengine wote wakaruka, mmoja akabaki. Nimempapasa, mzito huyu, wa kumfaa mama. Hata hakupiga bawa."

Obedi alifungua mdomo. Maneno mawili yangetosha. Huyo hapana: alikuwa ameyasema mara ngapi kwa jirani yake? Lakini Ruthu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kibarazani, miguu ikihesabu njia bila kusita, na Mama Hilda alikuwa ameinuka.

Nyumbani kwa kina Ruthu mgeni wa heshima haletewi nyama tu. Anaonyeshwa jogoo akiwa hai, anampokea kwa mikono yake, anashukuru. Akishampokea ni wake. Ukimbadilisha, umemwambia hastahili.

"Mama, mboga yako hii."

Mama Hilda alimpokea yule jogoo kwa mikono miwili, akampima uzito, akamtazama bintiye ambaye alikuwa anahema kama aliyetoka kushinda mbio.

"Asante, mwanangu. Nimempokea."

Shaban alikuwa ameona yote. Walipofika nyuma ya jiko, wawili tu, hakukichomoa kisu.

"Obedi. Huyu?"

"Huyo."

"Naweza kusema kisu hakina makali. Naweza kusema nimeumwa tumbo ghafla. Nina uongo mwingi, ndugu yangu, chagua."

"Ameingia mwenyewe," alisema Obedi. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi chinja."

Obedi ndiye aliyeshika mbawa na miguu. Bwana Harusi alilaza shingo kwenye kiganja chake kama kila jioni. Shaban alisema bismillahi kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na hakufanya mzaha wowote mpaka alipoondoka.

Siku hiyo Ruthu alipika mwenyewe. Wali wa mchele wa Bahi, na mchuzi uliosifiwa na Mama Hilda mara mbili. Obedi alikula nje na Shaban, kama ilivyo adabu mkwe akiwa ndani. Alimaliza alichopakuliwa. Alisikia vicheko vya wanawake kutoka ndani, akaendelea kutafuna.

Alfajiri ya kesho yake majogoo wa mtaa waliwika, kisha wa nyumbani, yule wa rangi ya majani makavu na vijogoo viwili. Ruthu aliamka akakaa kitandani, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri wa mwisho kwenye foleni.

"Yule wa sauti ya kukwaruza hajawika."

Obedi alikuwa macho.

"Baba Silvano. Yule Shaban anayemwita Bwana Harusi."

"Naam."

"Ndiye niliyemshika?"

"Ndiye."

Ruthu aliweka mkono mdomoni. Alikuwa hajui mpango, lakini hakuwa kiziwi. Miaka yote alikuwa amemsikia mumewe bandani jioni akiongea na jogoo mmoja kuliko alivyoongea na watu.

"Kwa nini hukusema? Ungesema tu, huyo hapana!"

"Ulikuwa umetoka bandani," alisema Obedi. Akatafuta maneno mengine, akakosa, akarudia hayohayo. "Ulikuwa umetoka bandani, Mama Silvano, unacheka."

Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuficha, akamwambia. Habari ya kuchi na kosa lake. Habari ya wapole wanaoliwa tangu mababu. Uzi mwekundu, weusi sita wa Mlali, na ile siku aliyoipanga ya kumshika mkono na kumwambia papasa. Hakuwahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu siku ya posa, na hata siku hiyo mjomba wake ndiye aliyeongea.

Ruthu alisikiliza mpaka mwisho. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akauliza swali ambalo Obedi hakulitarajia.

"Amekaa na hao weusi muda gani?"

"Wiki nne."

"Na majogoo wengine?"

"Niliwatenga. Wako upande wa pili wa waya."

"Vizuri. Asiguse waya huo mtu. Miaka mitatu unahangaika na kuku na hujawahi kuniuliza kitu! Mtetea akiachana na jogoo, mayai yake yanaendelea kuwa na mbegu siku kumi hivi. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Mayai ya leo ni ya Bwana Harusi. Ya kesho pia."

Obedi alikaa. Kweli hakujua. Kweli hakuwahi kuuliza. Alikuwa amemfanyia mkewe kuku wa kushikika, huku mwenye elimu ya kuku amekaa hatua kumi kutoka bandani, anasikiliza redio.

"Nipe kikapu," alisema Ruthu.

Wale weusi waliporuka vumbi, Obedi alitaka kuingia mbele yake, akasukumwa na kiwiko. Ruthu alisimama katikati ya banda bila kutikisika, mikono imening'inia, akawaongelesha Kigogo kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Vumbi likatua. Mama Hilda, aliyeamshwa na kelele, alikuja mbio mpaka mlangoni, akanyoosha mkono kumvuta bintiye.

"Mama," alisema Ruthu bila kugeuka, "ukisimama mlangoni unanizibia mwanga, na kuku unawatisha."

Mama Hilda akarudi nyuma hatua moja. Kisha ya pili. Akajikuta amesimama sambamba na mkwewe, karibu bega kwa bega, wote wawili wakichungulia kupitia waya, na hakuna aliyekumbuka kusogea.

Asubuhi ile yalipatikana mayai manne. Ruthu aliyalaza kwenye bakuli la mtama, ncha iliyochongoka ikiwa chini, akaliweka chini ya kitanda penye ubaridi. Jumatatu ilipofika Mama Hilda alisema miguu inamuuma kidogo, atasubiri. Jumatano miguu bado. Siku ya kumi yalikuwa arobaini na moja, na Ruthu alikuwa ameyashika yote moja moja, akachagua ishirini na sita. Ya umbo baya na yenye ganda jepesi wakayala.

Mtetea mmoja wa kienyeji wa nyumbani alikuwa ameanza kuatamia. Wa pili alihitajika. Shaban akaja kupitia mwanyani amembeba kuku wa mkewe Rukaya mbali na mwili, kama mtu anayebeba jiko la moto.

"Rukaya kasema mumwazime. Anaatamia hata mawe. Ila muwe waangalifu, huyu ana ulimi."

Ruthu alipeleka mkono akadonolewa papo hapo. "Uuh! Shemeji, huyu si kuku, ni askari."

"Hapa mtaani wapole mmewamaliza nyinyi," alisema Shaban, kisha akajuta, akamtazama Obedi. Obedi alikuwa anacheka, kimya, mabega tu yakitikisika.

Kesho yake Mama Hilda akafunga begi lake, lake peke yake. Obedi alimbebea mpaka stendi, akitangulia mbele kama inavyotakiwa. Basi lilipoanza kunguruma, alisikia jina lake.

"Obedi."

Hakuwahi kuitwa na mdomo ule. Akageuka, akatazama chini.

"Jirani yako ameniambia yule jogoo alikuwa nani."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema, tungekula kambale."

"Ndiyo, mama."

Mwanamke mzee alipanda ngazi moja, akasimama. "Vikitotolewa, uniwekee jike. Mwenye tabia." Akaingia ndani, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili, asimtazame tena.

Vilitotolewa kumi na tisa. Vitatu vilikufa wiki ya kwanza, kimoja kikachukuliwa na mwewe, vilivyobaki vikachanjwa dhidi ya ugonjwa wa kideri na kuanza kuota manyoya, vyeusi kwa vyekundu. Kama ni vipole au vikali, bado ni mapema kujua. Kimoja tayari kinadonoa, na Obedi alitaka kukitenga. Ruthu akakataa. Amekaa chini bandani, miguu ameinyoosha, vifaranga vinampanda kanga, kimoja amekishika kiganjani, kidole gumba kifuani pake.

"Huyu ana woga tu," anasema. "Moyo unamwenda mbio. Siyo ukali huo. Njoo ushike."

Obedi anapiga goti kwenye pumba, ananyoosha mkono, na Ruthu anamwelekeza kidole mahali pa kusikiliza.